Nambari 230 amfunga nambari 258

Tarehe 11 Juni 2017, mjini Nashville, mchezo wa sita wa fainali ya Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, ligi ya magongo ya barafuni (hoki) ya Marekani na Kanada, ulikuwa umebakiza dakika moja na sekunde 35 na bado hakuna aliyeona lango la mwenzake. Patric Hornqvist wa Pittsburgh Penguins, akiwa pembeni kabisa karibu na mstari wa goli, akakipiga kile kisahani cheusi, kikamgonga kipa Pekka Rinne na kutumbukia wavuni. Dakika haijapita sana, Carl Hagelin akaongeza la pili kwenye lango lililoachwa wazi. Ikawa 2-0, na Pittsburgh wakabeba kombe mwaka wa pili mfululizo.

Katika drafti, zoezi la kila mwaka la timu kuchagua vijana, Hornqvist alichaguliwa mwaka 2005 na Nashville hao hao aliokuja kuwaliza, akiwa wa 230. Wa 231 hakuwepo; yeye ndiye aliyefunga orodha. Rinne alichaguliwa na Nashville pia, mwaka mmoja kabla, nambari 258, katika raundi ya nane ambayo leo haipo tena. Hagelin alikuwa wa 168 mwaka 2007. Anayetaka kutetea raundi za mwisho za drafti ya NHL hahitaji kwenda mbali, dakika zile mbili zinamtosha.

Ila aangalie na upande wa pili wa picha ile ile. Nahodha wa Pittsburgh, aliyeondoka na tuzo ya Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano, ni Sidney Crosby, nambari 1 wa drafti hiyo hiyo ya 2005. Nyuma yake yuko Evgeni Malkin, nambari 2 wa 2004. Ondoa hao wawili uone kama Hornqvist angepata fainali ya kufunga.

Kwa asiyefuatilia magongo ya barafuni: drafti ninayoisema si ile ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Kila mwaka timu 32 za Marekani na Kanada hukaa na kuchagua vijana kwa zamu, wengi wao wakiwa na miaka 18. Timu zilizofanya vibaya hutangulia, na bahati nasibu huamua nani hasa awe wa kwanza. Raundi ni saba, kwa hiyo majina 224. Wapenzi wa kikapu wanaujua utaratibu huu, lakini NBA huishia raundi mbili tu, na Nikola Jokić kuchaguliwa wa 41 bado husimuliwa kama muujiza. Kwenye hoki wa 41 ni mtu wa heshima zake. Muujiza huanza kutajwa kuanzia raundi ya nne au ya tano kwenda chini, na hapo ndipo mabishano yalipo. Je, chaguo la namna hiyo lina thamani, au ni karatasi ya kuongezea uzito kwenye biashara ya kubadilishana wachezaji?

Nianze na wanaosema ni karatasi, kwa sababu hesabu iko upande wao. Kikosi cha NHL kina nafasi 23. Zidisha kwa timu 32, unapata nafasi 736 katika ligi nzima. Drafti huingiza majina 224 kila mwaka, na ndani ya miaka minne majina mapya yameshazidi nafasi zote zilizopo, wakati wachezaji waliomo hukaa miaka minane, kumi, kumi na mitano. Wengi sharti wabaki nje, na walio mkiani mwa orodha ndio wa kwanza kubaki. Thamani ya chaguo huporomoka kwa kasi kutoka nambari 1 hadi mwisho wa raundi ya kwanza, kisha hulala kama mchanga wa ufukweni maji yakishatoka. Kati ya nambari 3 na nambari 30 kuna tofauti ya kuumiza. Kati ya nambari 130 na 220 utaipima kwa shida.

Zamani timu zenyewe hazikuficha kuwa zimechoka. Mwaka 1974 Punch Imlach, meneja mkuu wa Buffalo Sabres, alichagua katika raundi ya 11, nambari 183, mchezaji wa Kijapani aitwaye Taro Tsujimoto wa timu ya Tokyo Katanas. Ligi ikaandika jina. Baadaye ikagundulika kwamba hakuna Tsujimoto wala Katanas. Mzee aliwatunga wote wawili kwa kuchoshwa na urefu wa zoezi. Raundi zilifika 12 miaka ya 1980, zikashuka hadi tisa, na tangu 2005 ni saba. Ligi inayoamini kuna dhahabu huko chini isingekuwa inapunguza shimo kila ikipata nafasi.

Halafu ipo hoja inayouma zaidi, nayo inaigusa Detroit Red Wings, timu inayosifiwa kuliko zote kwa kuokota lulu. Mwaka 1998 walimchukua Pavel Datsyuk, nambari 171. Mwaka 1999 wakamchukua Henrik Zetterberg, nambari 210. Datsyuk alibeba Kombe la Stanley mara mbili na tuzo ya Selke, ya mshambuliaji anayekaba vizuri kuliko wote, mara tatu mfululizo. Zetterberg alitwaa Conn Smythe mwaka 2008. Hadithi ya Datsyuk ni tamu: skauti (msaka vipaji) Håkan Andersson, Mswidi, alikwenda Urusi kumtazama beki Dmitri Kalinin, ambaye Buffalo walimnyakua nambari 18, na uwanjani macho yakamhamia kijana mdogo wa umbo ambaye hakuna aliyekuwa na habari naye. Sawa. Lakini kama Detroit walijua kweli walichokiona, kwa nini wasubiri hadi nambari 171? Mwaka ule walitangulia kuwachagua wengine kadhaa, akianza Jiri Fischer nambari 25. Timu yoyote, hata ya mwisho kwa akili, ingeweza kuwapora Datsyuk saa nzima kabla. Huwezi kujisifu kwa jicho kali huku ulikiacha kito mezani kila mtu akipita.

Jibu la watetezi ni kwamba Detroit walijua hakuna mwingine aliyemwona, ndiyo maana wakasubiri. Linaingia akilini kwa Datsyuk. Haliingii akilini kama utaratibu wa kazi. Andersson aliendelea kufanya kazi Detroit miaka mingi, na timu ile ile iliyocheza mtoano misimu 25 mfululizo hadi 2016 ikaanza kuukosa mwaka uliofuata na ikaendelea kuukosa. Kama kuokota nambari 210 ingekuwa fani, wangeirudia.

Mpaka hapa nakubaliana nao karibu kila kitu, na bado sioni kwamba wamemaliza kesi.

Wanachofanya ni kuchukua chaguzi zote za chini, kuzitia kwenye gunia moja na kupima wastani. Lakini wachezaji hawashuki hadi nambari 200 kwa sababu moja. Wapo walioshuka kwa kuwa hawajui mchezo, na hao ni wengi. Wapo walioshuka kwa kuwa ni wafupi, au wako ligi ya mbali isiyotembelewa, au wamebanwa na mkataba Urusi. Na wapo makipa.

Tazama makipa peke yao. Dominik Hasek: nambari 199 mwaka 1983, kisha tuzo sita za Vezina za kipa bora. (Nambari 199 ina mambo yake; Tom Brady naye alichaguliwa wa 199, kwenye mpira wa Kimarekani.) Rinne tumeshamtaja, Vezina ya 2018 iko kabatini kwake. Igor Shesterkin, nambari 118. Connor Hellebuyck, nambari 130 mwaka 2012, ana Vezina tatu na mwaka 2025 akaongeza Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kipa huiva taratibu. Ukimpima akiwa na miaka 18 unapima urefu wake na timu iliyo mbele yake, basi.

Drafti ya 2000 ndiyo ningependa isomwe darasani. New York Islanders, wenye nambari 1, walimchagua kipa Rick DiPietro. Mwaka 2006 wakampa mkataba wa miaka 15, dola milioni 67.5. Majeraha yakamwandama, mwaka 2013 wakauvunja mkataba kwa makubaliano ya kumlipa dola milioni 1.5 kwa mwaka hadi 2029. Majirani zao, New York Rangers, walimchagua mwaka ule ule Mswidi Henrik Lundqvist, nambari 205. Alikaa Rangers misimu 15, akashinda michezo 459 ya msimu wa kawaida, na sasa yumo kwenye Jumba la Umaarufu. Wahenga walisema mchagua nazi hupata koroma. Islanders walikuwa na mnazi mzima wa kuchagua.

Mifano hii nayo ni ya walionusurika, nalijua hilo. Kwa kila Lundqvist kuna makipa kadhaa wa raundi ya saba ambao leo wanauza bima. Hata hivyo inaonyesha kwamba mahali pa kutegea pana sura yake. Mwenye chaguo la 200 na akamchukua kipa mrefu wa Finland, au kijana wa Siberia ambaye hawezi kuja kwa miaka mitano, amenunua kitu tofauti na aliyemchukua winga wa wastani kutoka Ontario aliyetazamwa na kila skauti mara kumi. Winga yule bei yake inajulikana. Hao wawili hawana bei bado.

Kirill Kaprizov ni kijana wa aina hiyo. Minnesota Wild walimchagua nambari 135 mwaka 2015 na hawakumwona kwa miaka mitano. Alikuwa Urusi akicheza, na mwaka 2018 akafunga goli la dhahabu ya Olimpiki katika muda wa nyongeza dhidi ya Ujerumani. Muda wote huo Minnesota walikalia haki ya kumsajili peke yao bila kutoa senti. Msimu wa 2020-21 akaja, akatwaa tuzo ya mchezaji bora mgeni, yaani wa msimu wa kwanza kwenye ligi. Septemba 2025 alisaini mkataba wa miaka minane wa dola milioni 136, mkubwa kuliko wote katika historia ya ligi hiyo. Walichonunua kwa nambari 135 kilikuwa haki ya kusubiri, kwa bei ya karibu na bure.

Na kusubiri ndiko kunakowashinda wengi. Chicago ndio waliomchagua Hasek. Alikuja kutoka Czechoslovakia mwaka 1990, akakuta Ed Belfour amekaa langoni, na mwaka 1992 wakamtoa Buffalo wapewe kipa Stéphane Beauregard na chaguo la raundi ya nne. Zile Vezina sita zote zimeandikwa Buffalo. Gustav Forsling alichaguliwa na Vancouver mwaka 2014, nambari 126, akapitia Chicago na Carolina, na Januari 2021 Florida wakamwokota bure kwenye orodha ya walioachwa. Akabeba kombe la 2024 na la 2025. Langoni kwake alisimama Sergei Bobrovsky, ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote, raundi yoyote. Ukizihesabu faida za chaguo la chini, basi zihesabu kwa aliyezivuna, maana mara nyingi siye aliyepanda.

Bobrovsky anafungua swali ambalo mameneja hawapendi kuulizwa: thamani ni ya nani? Ukifuta raundi ya sita na ya saba kesho, akina Zetterberg na Lundqvist wa baadaye hawatapotea. Watabaki huru na kuchagua wenyewe pa kwenda, kama Artemi Panarin, ambaye hakuchaguliwa na mtu, mwaka 2015 akajipeleka Chicago na kuibuka mchezaji bora mgeni. Kijana wa nambari 215 hapati jukwaa, hapati bonasi za maana, na tayari amefungwa kwa timu moja. Mjomba wa kijana huyo akiniomba ushauri, nitamwambia aombe asisikie jina lake likitajwa mchana ule.

Upande wa timu, ningekuwa na kiti cha meneja mkuu ningezitumia raundi tatu za mwisho kwa makipa na kwa vijana wa ligi za mbali tu, na kama maskauti wangu hawana jina la namna hiyo, ningeliuza chaguo mchana kweupe kwa beki wa akiba wa kumalizia msimu. Ningelifanya hivyo pia kama mwenye timu ananipa miaka miwili nishinde au niondoke. Haki ya kusubiri haina kazi kwa asiyeruhusiwa kusubiri.

Nashville waliruhusiwa, na kwa Rinne walivuna sawasawa. Kwa Hornqvist walivuna nusu. Mwaka 2014 walimpeleka Pittsburgh pamoja na Nick Spaling ili wampate James Neal, ambaye naye alitoka kwenye drafti ya 2005, raundi ya pili, nambari 33. Usiku ule wa Juni Neal alikuwa benchi la Nashville. Siku kumi baadaye Vegas, timu mpya iliyokuwa ikikusanya kikosi chake cha kwanza kutoka kwa wenzake, ikamchukua bure.