Walimu, msikataze vigeu: vifundisheni

Kuna masharti ya mradi wa VHDL, lugha ya kuelezea saketi za kidijitali, yanayozunguka kwenye simu za wanafunzi hapa Dodoma, na mstari mmoja umenichoma: atakayetumia kigeu (variable, kinachopokea thamani mpya papo hapo) ndani ya mchakato (process, fungu la amri zinazotekelezwa kwa mfuatano) anakatwa alama. Sababu haikutolewa.

Chukua kazi inayotufaa hapa hapa, kidhibiti cha pampu ya umwagiliaji wa matone kwenye zabibu za Mpunguzi au Hombolo. Kihisi cha unyevu kinatoa namba za biti 12, nazo zinayumba, kwa hiyo unakusanya 8 na kutafuta wastani. Kwa kigeu ni mistari mitatu: jumla := 0 mwanzoni, kitanzi chenye jumla := jumla + x(i), ambapo x(0) hadi x(7) ni zile namba 8, kisha unatupa biti 3 za chini, maana kugawa kwa 8 ni kusogeza tu. Jumla kubwa kabisa ni 32,760. Biti 15 zinatosha.

Sasa tii sharti, weka signali (signal) badala ya kigeu: jumla <= jumla + x(i). Signali haibadiliki papo hapo, inasubiri mchakato utulie. Kila raundi ya kitanzi inasoma jumla ile ile ya zamani, na amri ya mwisho inafuta zilizotangulia. Unabaki na jumla ya zamani kuongeza x(7). Hata ukitanguliza jumla <= 0, nayo inafutwa. Kila pigo la saa linarundika x(7) hadi biti zinajaa na namba inaanza upya kutoka chini. Pampu inawaka udongo ukiwa umelowa, na mtoto wa watu anakesha akilaumu kihisi.

Haya, kigeu nacho kinaumiza. Ukisahau ile := 0 kinatunza thamani ya zamani, yaani umeshatengeneza rejista, kumbukumbu ndogo inayobadilika kwa pigo la saa; kwenye mchakato usio na saa, ni lachi, kumbukumbu isiyosubiri pigo la saa. Na kitanzi kile kinaweza kuzaa vijumlishi (saketi za kujumlisha) 7 vinavyofuatana, na kila kimoja kinaongeza muda. Kwa saa ya 50 MHz una nanosekunde 20 tu kati ya pigo na pigo, kwa hiyo soma ripoti ya muda inayotolewa na programu ya kuunda saketi. Zikizidi, jumlisha mbili mbili, vijumlishi 4, kisha 2, kisha 1, na rejista katikati.

Vigeu vya pamoja kati ya michakato, sawa, vizuieni.

Walimu wangu, naomba mstari ule usomeke hivi: kila kigeu kiandikwe kabla ya kusomwa, la sivyo mwanafunzi aeleze pembeni kuwa amekusudia rejista. Hilo linasahihishika kwa macho, na mwenye mradi wa zabibu anabaki na mistari yake mitatu.