Kufuata madhehebu au kushika hadithi moja kwa moja?

Hapa Dodoma ukiswali alfajiri msikiti huu imamu ananyanyua mikono anasoma qunuti, ile dua ya kusimama, kesho ukienda wa mtaa wa pili imamu anashuka moja kwa moja kwenye sijida. Mji umejaa watu wa kila mkoa sasa, watumishi, wanafunzi wa UDOM, kwahiyo aliyesomeshwa Safina, kijitabu cha Kishafii, madrasa na aliyesoma Madina kule Saudia wanasimama safu moja, na swali ni lilelile: ndugu yangu kwanini unafuata madhehebu, yaani njia ya sheria za dini iliyoanzia kwa imamu wa zamani, na hadithi ya Mtume ipo?

Wanaouliza hivyo wana hoja. Imamu Shafii, mwenye madhehebu ya Kishafii, alifariki 820 na Bukhari, mkusanyaji wa hadithi, 870, yaani Sahihi Bukhari hakuifungua hata siku moja, na Shafii mwenyewe kasema hadithi ikisihi hiyo ndo madhehebu yangu, halafu alipohamia Misri akabadilisha rai zake kibao.

Ila madhehebu sio mtu mmoja aliyekufa zamani. Nawawi, mwanazuoni aliyefariki 1277, Bukhari alikuwa nayo, Sahihi Muslim, kitabu kingine cha hadithi, kaiandikia ufafanuzi mzima, na bado alibaki Mshafii, na kwenye nyama ya ngamia alisema wazi kwamba kauli ya kuwa inatengua udhu ndo yenye dalili yenye nguvu, japo wenzake wengi hawakuona hivyo. Huko ndo kufuata madhehebu na akili yako ipo. Na wewe unayesema unashika hadithi tu, hiyo hadithi nani kakuchagulia kama sio sheikh wa YouTube? Hiyo nayo ni taqlidi, yaani kufuata kauli ya mtu bila kujua dalili yake, tofauti ni kwamba huyo unamfuata peke yake bila karne za wanazuoni waliomkagua.

Sasa njoo kwenye maisha. Kwa Shafii ngozi ya mwanaume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake, yaani ndugu asiyeruhusiwa kumuoa kabisa, udhu umeondoka, hata mkeo, hata bila matamanio. Madhehebu mengine matatu yanatofautiana: Hanafi wanasema hautenguki, Maliki na Hanbali wanaangalia matamanio. Mama anayeuza mboga Majengo anapokea hela na kurudisha chenji toka asubuhi, na maji ni ya mgao, kwake hii sio nadharia hata kidogo. Mimi naona akichukua kauli ya Hanafi kwa shida yake halaumiwi, maana hata kwenye tawafu, kuizunguka Kaaba, masheikh wengi wa Kishafii wanawaruhusu mahujaji hivyohivyo kwa ajili ya msongamano.

Hatari ni kuokota nyepesi bila kujua. Damu ikikuchuruzika Hanafi wanasema udhu umetenguka, Shafii wanasema haujatenguka. Mtu kagusa mke, kachuruzika damu, la kugusa kachukua kwa Hanafi, la damu kachukua kwa Shafii, kaenda kuswali: kwa Hanafi hana udhu, kwa Shafii hana udhu! Ndo maana mwalimu wa kumuuliza ni muhimu kuliko clip ya dakika mbili, na kwa wengi wetu huku mwalimu huyo ni Mshafii, hakuna ubaya.

Kinachoniuma mimi ni swala ya jamaa kuvunjika. Imamu Ahmad, mwenye madhehebu ya Hanbali, hakuona kwamba qunuti isomwe kila alfajiri, lakini imenukuliwa kwake kwamba ukiswali nyuma ya anayeisoma umfuate. Sasa anayejitenga na kuanzisha jamaa yake pembeni kisa qunuti, huyo Ahmad hayuko naye.