Marudio ya Homer si udhaifu
Mwandishi wa makala ninayoijibu anadai Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, alirudiarudia vifungu kwa kukosa ubunifu. Sikubaliani hata kidogo. Ni kweli Achilles, shujaa wa Iliadi, utenzi wa Homer, anaitwa "mwenye mbio" hata pale alipoketi kando ya merikebu zake, amesusa vita kwa hasira. Lakini kifungu hicho kinaukamilisha mstari kwa mizani barabara, na mtungaji anayetunga papo hapo mbele ya watu anapata nafasi ya kuuwahi mstari unaofuata. Milman Parry, mtafiti Mmarekani wa tenzi za Homer, alilishuhudia hilo Yugoslavia: mwaka 1935 Avdo Međedović, muuza nyama asiyejua kusoma wala kuandika, alimtolea kinywani utenzi wa mistari zaidi ya 12,000. Kuna aliyeisoma Iliadi kwa sauti, si kimyakimya, marudio yale yakamkera?