Kabla ya kumwita msaliti, uliza nani aliyefungua mlango

Kaka mmoja ninayefanya naye kazi ghalani hapa New Jersey ana jezi ya bluu ya New York Giants, timu ya mpira wa Kimarekani, namba 26, imeandikwa Barkley mgongoni. Amekaa Marekani zaidi ya miaka 20, na timu hii alianza kuifuata ili naye awe na la kusema wenzake wanapobishana wakati wa mapumziko. Ubishi ukageuka mapenzi. Machi 2024, habari zilipovuma kwamba Saquon Barkley amemwaga wino kwa watani wao, Philadelphia Eagles, aliikunja ile jezi mara nne, akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo na kuutupa kwenye buti ya gari, pembeni ya tairi la akiba.

"Mdogo wangu," akaniambia, "huyu kijana ametuuza."

Wapo waliokuwa wakali kuliko yeye. Mitandaoni zilizagaa video za jezi zikichomwa moto. Tiki Barber, ambaye zama zake alikuwa mkimbiaji nyota wa Giants, yaani mchezaji ambaye kazi yake ni kukimbia na mpira, kama Barkley, alisema redioni kwamba kwao Barkley ameshakufa. Barkley alimjibu kwa hasira, na sikumlaumu. Mimi nilimpenda akiwa bluu, nikaendelea kumpenda akiwa kijani, rangi ya Eagles, na mpaka leo naamini lile neno "msaliti" lilirushwa kwa mtu ambaye silo lake.

Kwa asiyefuatilia mpira wa Kimarekani: New York na Philadelphia ni miji jirani, kama kilomita 150 hivi, na katikati yake ndipo tunapoishi sisi. Giants na Eagles ni watani wa jadi, wako kundi moja, kila msimu lazima wakutane mara mbili. Huku kwetu unaweza kuingia nyumba moja ukakuta baba ni bluu na mkwewe ni kijani, na siku ya mechi kila mmoja anakaa chumba chake. Kwa hiyo naelewa kabisa kinachouma. Mchezaji akihamia California unamkosa tu. Akihamia Philadelphia unamwona kila unapowasha televisheni, na mara mbili kwa mwaka anakuja kukufunga.

Lakini turudi nyuma kidogo. Barkley hakuichagua New York. Katika ligi hii kijana anayetoka chuoni hachagui klabu, bali klabu ndizo zinazopokezana zamu ya kuchagua vijana, na mwaka 2018 Giants walimchukua akiwa wa pili katika foleni nzima. Akawa mchezaji chipukizi bora wa mwaka. Mwaka 2020 goti likachanika, akakaa nje karibu msimu mzima. Akarudi, na mwaka 2022 alikimbia yadi 1,312, karibu mita 1,200, na kuirudisha timu kwenye mtoano. Halafu ikaja Machi 7, 2023. Siku hiyo moja klabu ilifanya mambo mawili: ilimpa kwotabeki wake, yaani mrushaji mkuu wa mpira, Daniel Jones, mkataba wa miaka 4 wenye thamani ya dola milioni 160, na Barkley ikamfunga kwa ule utaratibu unaoiruhusu klabu kumzuia mchezaji mwaka mmoja zaidi kwa bei iliyopangwa na ligi. Yule aliyeibeba timu kwa miguu yake akaambiwa asubiri. Mkimbiaji hana muda wa kusubiri. Kila anaposhika mpira anaangukiwa na wanaume wenye kilo zaidi ya 100, na umri wa miaka 30 kwake ni uzee.

Alicheza mwaka ule kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ulipokwisha, klabu haikuweka mezani kitu cha kushindana na wengine. Tunalijua hili kwa sababu kamera za kipindi kimoja cha televisheni zilikuwa ndani ya ofisi zao. Mmiliki, John Mara, anasikika akimwambia meneja wake mkuu, Joe Schoen, kwamba yeye mwenyewe atapata shida kulala endapo Saquon atakwenda Philadelphia. Nimeitazama sehemu ile mara nyingi. Mzee yule aliliona shimo, akalitaja kwa jina, kisha akawaacha watu wake walipitie. Eagles wakaja na miaka 3 na dola milioni 37.75. Wewe ungefanya nini?

Oktoba 20, 2024, Barkley alirudi kwenye uwanja wa MetLife akiwa na jezi ya kijani, namba ileile 26. Walimzomea. Akapokea mpira mara 17, akakimbia yadi 176, moja ya mbio zake ikiwa ya yadi 55, na Eagles wakashinda 28-3. Mwezi uliofuata Giants walimwacha Daniel Jones aondoke. Zile dola milioni 160, uamuzi ule wa siku moja, havikufika hata mwisho wa msimu wa pili. Sijasikia mtu aliyechoma picha ya ofisi.

Najua kuna atakayeniambia nimechagua mfano mwepesi. Basi tuchukue mgumu, kwotabeki Brett Favre, kwa sababu huyu alikwenda kwa watani akiwa na kinyongo moyoni na hakukificha.

Green Bay ni mji mdogo wa Wisconsin, wenye watu kama 100,000, na klabu yake, Packers, haina tajiri mmoja anayeimiliki. Wenye hisa ni mashabiki. Favre aliwachezea misimu 16, kuanzia 1992, akawapa Super Bowl, fainali kuu ya ligi, ya Januari 1997, akachukua tuzo ya mchezaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo, na hakukosa kuanza mechi hata moja ya ligi tangu alipopewa nafasi. Pasi yake ya mwisho akiwa na jezi ile ilinaswa na mpinzani, katika muda wa nyongeza, Januari 2008, kwenye baridi ya nyuzi kama 18 chini ya sifuri. Machi alistaafu akilia. Kiangazi akabadili mawazo, na klabu ilikuwa imeshamkabidhi timu Aaron Rodgers, kijana aliyekuwa amekaa benchi miaka mitatu akimsubiri.

Hapo mimi sioni shetani. Rodgers alistahili zamu yake. Ila tazama walivyomuuza Favre. Walimpeleka New York Jets na kuandika kifungu mkatabani: Jets wakimpeleka kwa Minnesota Vikings, watailipa Green Bay nafasi tatu za kuchagua vijana katika raundi ya kwanza. Yaani klabu ilikiri kwa maandishi kwamba bado anaweza kucheza, na kwamba inamwogopa. Jets walipomwachia huru baada ya mwaka, kifungu kikafa, na Agosti 2009 akatua Minnesota, kwa watani wenyewe. Alikiri hadharani kwamba sehemu ya kurudi kwake ilikuwa kumkomoa Ted Thompson, meneja mkuu wa Packers. Kinyongo hicho sikitetei. Shabiki wa Wisconsin aliyemvalisha mwanawe namba 4 hakuwa na ugomvi na Favre, na ndiye aliyeumia.

Novemba 1, 2009, Favre, mwenye miaka 40 na mvi kidevuni, alitoka kwenye njia ya wageni katika uwanja wa Lambeau. Watu waliomwimba miaka 16 walimzomea kwa sauti moja. Akarusha tachidauni nne, yaani pasi zilizozaa mabao, na kuwafunga 38-26, baada ya kuwa ameshawafunga 30-23 kule Minnesota mwezi mmoja kabla. Msimu ule aliwafikisha Vikings kwenye fainali ya kanda, na pale, dhidi ya New Orleans, dakika za mwisho, akarusha mpira ukanaswa tena.

Kisa hiki nakikumbuka zaidi kwa kilichofuata. Julai 18, 2015, Packers walimwingiza kwenye ukumbi wao wa heshima. Walifungua uwanja ili watu watazame sherehe kwenye skrini, na wakaja zaidi ya 67,000. Hakukuwa na mechi siku hiyo. Watu walikaa vitini kumtazama mtu mzima akizungumza. Novemba 26 jina lake likazinduliwa ukutani, mvua ikinyesha, na Bart Starr, kwotabeki wao wa zamani, mzee wa miaka 81 aliyekuwa amepigwa na kiharusi, akaletwa uwanjani kusimama naye. Watu wale walikuwa na kila sababu ya kununa mpaka kaburini, nao walingoja miaka sita tu.

Mkimbiaji Marcus Allen sitamzungumzia kwa urefu, ingawa kwangu kisa chake ndicho kibaya kuliko vyote. Alikuwa mchezaji bora wa Super Bowl ya Januari 1984 akiwa na Raiders, kisha akawekwa benchi na mmiliki wake, Al Davis, hadi akaenda kulalamika kwenye televisheni ya taifa kwamba anaharibiwa maisha yake ya mpira. Mwaka 1993 akahamia Kansas City Chiefs, watani wa Raiders, akacheza misimu mitano zaidi. Mwenye nyumba akikufungia chumbani, jirani akakufungulia mlango, ni nani aliyesaliti?

Nilimwambia kaka yangu haya yote tukiwa kazini, zaidi ya mara moja. Alikuwa akinijibu, "Sawa, lakini kwa nini Philadelphia?" Na hilo sikuwa na jibu lake, kwa sababu si swali la mantiki, ni maumivu.

Januari 2025 ilimkuta katika wasiwasi mkubwa. Barkley alikuwa amefikisha yadi 2,005, zimebaki 101 aivunje rekodi ya Eric Dickerson ya 1984 ya yadi nyingi zaidi za kukimbia katika msimu mmoja, na mechi iliyobaki ilikuwa dhidi ya Giants. Kocha wa Eagles, Nick Sirianni, akaamua kumpumzisha kwa ajili ya mtoano. Kaka akashusha pumzi kama aliyeondolewa gunia begani.

Super Bowl ya Februari 9 niliitazama nyumbani kwake. Barkley alikuwa anatimiza miaka 28 siku hiyohiyo. Eagles waliwafunga Chiefs 40-22, na zile karatasi za rangi zilipoanza kumwagika, kaka alinyanyuka bila kusema kitu, akachukua funguo za gari, akatoka. Alirudi na ule mfuko. Fundo lilikuwa limekaza sana, akalikata kwa kisu cha jikoni. Hakuivaa. Aliikung'uta, akaitundika kwenye mgongo wa kiti, mikunjo yote minne ikionekana, akarudi kukaa na kuongeza sauti ya televisheni.