Mtihani wa Morse umekwenda, uacheni uende

Juzi usiku nilikuwa kwenye redio ya ridhaa, ile ya watu wenye leseni wanaorusha mawimbi kwa kujifurahisha. Kwenye bendi ya mita 40 nikamnasa mtu mpya akiita CQ, yaani akimwita yeyote anayesikia, kwa Morse ya polepole, zile herufi za milio mifupi na mirefu. Nafasi kati ya milio yake zilikuwa zikiyumba, lakini kila herufi ilisomeka. Mkongwe mmoja akamjibu kwa kasi ya maneno kama 25 kwa dakika. Mgeni akatuma QRS, yaani punguza kasi. Mkongwe hakupunguza hata chembe. Alirudia kwa kasi ileile, akamalizia kwa kumwambia kwamba leseni za siku hizi zinagawiwa bure, bila mtihani wa Morse, kisha akaondoka. Mgeni akanyamaza, na hasira niliyoipata usiku ule bado ninayo.

Naipenda Morse kuliko kitu chochote katika redio ya ridhaa. Kwa wati 5 na kipande cha waya unavuka bahari, tena ukitumia upana wa hezi 150 hivi tu za bendi wakati sauti inameza zaidi ya 2,000. Na ni kwa sababu naipenda ndiyo maana nafurahi mtihani wake ulifutwa. Mtihani ule uliwafanya watu wengi waichukie Morse, na wengine uliwafundisha vibaya kabisa.

Chukua herufi Q: kistari, kistari, nukta, kistari. Kwa kasi ya maneno 5 kwa dakika, nukta moja hudumu milisekunde 240 na kistari mara tatu yake, kwa hiyo herufi nzima inachukua sekunde 3 na ushei. Katika muda huo akili haikai bure. Inahesabu kirefu, kirefu, kifupi, kirefu, inakwenda kwenye jedwali ililolikariri, inarudi na Q. Mtahiniwa anaandika, anafaulu, anapewa leseni. Akiingia hewani anakuta watu wanaongea kwa maneno 20 kwa dakika, na Q ileile inapita kabla sekunde moja haijaisha. Muda wa kuhesabu haupo tena. Anakwama kwenye maneno 8 au 10 na kukaa hapo miezi mingi, kwa maana inabidi kwanza lile jedwali limtoke kichwani, ndipo sikio lianze kuipokea Q kama mlio mmoja, jinsi mtu anavyolisikia jina lake bila kulikata herufi moja moja. Wengi hawakuvuka hapo. Walikuwa na leseni ya Morse na hawakuigusa Morse tena.

Na haya yalijulikana zamani. Ludwig Koch, mwanasaikolojia wa Ujerumani, alishafundisha miaka ya 1930 kwa njia nyingine: herufi zipigwe kwa kasi kamili tangu siku ya kwanza, uanze na mbili tu, ukizizoea uongeze ya tatu. Wapo watahini waliojitahidi, wakapiga herufi kwa haraka na kurefusha nafasi katikati. Nawapa sifa zao. Lakini mwanafunzi ambaye lengo lake ni kupita tu, huchukua njia ya mkato, na njia ya mkato ilikuwa jedwali.

Sharti lenyewe lilikuwa na sababu. Kanuni za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zilimtaka anayerusha chini ya megahezi 30, yalipo mawimbi mafupi, aijue Morse, na hoja iliyotolewa ilikuwa kwamba meli ikiomba msaada, au kituo cha serikali kikimwamuru anyamaze, aelewe. Sawa. Ila meli zilihamia GMDSS, mfumo mpya wa kuomba msaada baharini usiohitaji Morse, kikamilifu tarehe 1 Februari 1999. Mwaka 2003, mkutano wa ITU uliofanyika Geneva ukaiachia kila nchi iamue yenyewe. Uswisi na Uingereza walifuta mwaka huohuo, Marekani wakafuata Februari 2007, baada ya kuwa wameshashusha kasi kutoka maneno 13 na 20 hadi 5 mwaka 2000. Sababu ilikufa kabla ya sharti.

Wanaosema bendi zingejaa wahuni, wahuni walikuwapo tangu enzi za maneno 20. Wanaosema siku ya maafa itabaki Morse peke yake, watazame vikosi vya uokoaji vinatumia nini.

Kuna jambo moja nawakubalia wakongwe, ingawa shingo upande. Aliyefika maneno 20 kwa jasho lake alijifunza kukaa na kusikiliza, na adabu hiyo bado inasikika kwenye sehemu ya Morse ya bendi. Lakini hiyo ilitokana na miaka ya kusikiliza. Dakika chache za mtihani hazimpi mtu adabu hiyo.

Wakati huohuo namkumbuka rafiki yangu aliyeweza kuunda kirusha mawimbi kutoka kwenye vifaa vya mabaki na kukueleza kila kipande ndani yake. Masikio yake hayakuishika Morse, akanyimwa mawimbi mafupi, akaachana na redio. Tulimpoteza mtu ambaye angewafundisha wengine.

Nchi ambazo bado zinang'ang'ania sharti hili ziliondoe, na muda unaobaki uwekwe kwenye mambo yanayoweza kumdhuru mtu: waya wa antena karibu na nyaya za umeme, kujikinga na radi, volti kubwa ndani ya kikuza nguvu, na jinsi ya kujua kwamba ni kituo chako kinachoharibu matangazo ya jirani. Morse ifundishwe vilabuni, kwa kasi kamili na herufi mbili za kuanzia, kwa yeyote anayeitaka.