Mwenzenu na kopo langu la chai

Mwenzenu nakusanya chai. Siuzi, nakusanya tu, kama wengine wanavyokusanya madeni. Nna kopo la maziwa ya unga, lile kubwa la kilo 2.5, maziwa yenyewe yaliisha watoto wakiwa bado wanatambaa, kopo nikaliwahi mimi kabla halijawa la kupimia mchele, na humo ndani ndo zimo chai zangu, za kupewa, za kununua, na moja niliyoibeba hotelini kwenye semina, hiyo tusiiongelee sana. Mama watoto analiita kopo la mganga. Anasema wanaume wenzio wanakusanya viwanja.

Sa Jumamosi mvua imeamka na sisi toka alfajiri, mama watoto kaenda kikao cha vikoba, na vikao vya vikoba si mnavijua, hela zinahesabiwa nusu saa halafu watu wanahesabiwa masaa matatu, nkasema leo ndo leo. Leo nakaa na kopo langu, naipitia moja moja, zile nilizozipenda zamani nijue zina hali gani, maana kuna zingine hatujaonana toka mwaka juzi.

Kwanza maji, hapo tu pana kesi. Bomba la kwetu linatoka siku likijisikia, na kisima cha jirani kina chumvi, ukipikia chai inatoa utando juu unameremeta kama dimbwi la gereji, ukitia maziwa yanakatika hapo hapo. Kwa hiyo nkanunua dumu la lita 20, maji ya kunywa kabisa, yale tunayowafichia wageni. Mwanangu wa pili akaniona nayamimina kwenye sufuria ya chai akaenda kumuuliza dada yake, baba anaumwa?

Nikaanza na Earl Grey. Hii aliniletea shemeji kutoka Uingereza, pakti ya vifuko 50 vile vya uzi, na mara ya mwisho niliacha 31, nina uhakika kwa sababu nahesabu. Nafungua nakuta vinne. Vinne jamani! Nauliza nani, nyumba nzima kimya, mdogo anaangalia dari kama fundi wa umeme. Baada ya vitisho vya hapa na pale ikajulikana ni dada mtu, yuko kidato cha tatu, kasikia huko simuni kwamba kifuko cha chai kilicholowa kinatoa weusi chini ya macho. Yaani chai yenye jina la Charles Grey, mtu aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza kuanzia 1830 mpaka 1834, imeishia kwenye kope za binti wa Kimara anayekesha na tamthilia. Na weusi wenyewe haujatoka, nimemwangalia vizuri.

Haya, nkachovya kimoja. Kwa ambaye hajawahi kuinywa, ile harufu ni mafuta ya ganda la bergamoti, tunda fulani kama chungwa lililokosana na ndimu, wanalilima sana kule Calabria, Italia. Mama mkwe alipoonja mara ya kwanza aliweka kikombe chini taratibu akasema, baba, vikombe vyenu havisuuzwi vikaisha sabuni. Lakini mimi naipenda. Nkapiga funda la kwanza, bergamoti ile pale, haina shida. Funda la pili nkahisi kuna kitu kingine kwa nyuma. Kitu nakijua ila jina sikipati. Kama mtu anachungulia dirishani halafu ukigeuka anainama.

Nkasema hii ni chupa ya chai. Maana chupa yetu ilishawahi kulazwa na tangawizi siku ya msiba wa jirani na toka hapo hata ukiweka maji matupu yanatoka na tangawizi, kizibo kile hakisahau. Nkaachana na chupa.

Nkahamia kwenye ya asumini. Hii jamani ndo kipenzi, na nikianza kuieleza watoto huwa wanatoka nje. Wachina wanachuma yale maua mchana yakiwa bado yamefumba, usiku yanafumbuka yenyewe, wanayachanganya na majani ya chai yanalala pamoja mpaka asubuhi, kisha maua wanayatoa wanaweka mengine mapya, na chai nzuri wanarudia hivyo mara kadhaa. Ua halibaki humo, inabaki harufu tu, kwa sababu jani kavu la chai linanyonya harufu ya chochote kilicholala karibu yake. Haya maneno nimeyasema sebuleni kwangu mara mia na kidole juu. Yakumbukeni.

Nkamimina. Rangi kama asali nyepesi, mvuke unapanda, nkafumba macho kabisa. Asumini ile. Na nyuma yake, yule yule wa dirishani.

Nkaosha kikombe kwa limau. Nkaosha chujio, chujio letu lina tundu pembeni limezibwa na uzi, nkasema labda uzi. Nkabadilisha hadi sufuria. Hapo luku imeanza kulia, pii, pii, kwa sababu gesi niliona nisiimalize, mama watoto anaujua mtungi wake uzito kwa kuutikisa tu, nkawa natumia jagi la umeme, kumbe nako ndo nachimba shimo.

Ya tatu ni ile ya moshi, Lapsang Souchong, ya Fujian huko huko China, majani wanayakausha kwa moshi wa msonobari. Alinipa Mchina mmoja tulikuwa naye site ya barabara, mimi nikampa pilipili ya kusaga, mpaka leo sijui nani kati yetu aliona kapunjwa. Hii ukiifungua nyumba inanukia banda la kukaushia samaki. Sijamaliza kumimina nasikia ukutani kwa jirani, baba jirani, leo mnabanika? Nkamwambia hapana, ni chai. Akanyamaza kidogo, halafu nikasikia anamwambia mkewe, wanabanika na hawataki kutugawia.

Ila hii ndo ilikuwa na nafuu, yule mgeni wangu humo sikumwona. Aliingia kwenye moshi akapotelea humo humo, na mimi kwa ujinga wangu nkajua keshaondoka.

Karak ya mjomba wa Muscat sikuinywa, niliivunja. Ni ya unga, maziwa na sukari na iliki vimo humo humo, sasa hewa imeingia imekuwa tofali, nkaleta mchi, ikaruka kipande kikaingia chini ya friji na sisimizi nadhani wameshafungua tawi. Choya nayo nkairuka, maana choya hata sio chai, ni ua linachemshwa, tamu lakini linakukunja uso.

Nkasema ngoja nirudi nyumbani. Majani ya kawaida kabisa, ya Mufindi, niliyaweka mwenyewe kwenye kimfuko siku nimetoka Iringa. Nkapasua iliki tatu na maganda yake, nkakata mchaichai hapo nje, ule ulioota pembeni ya maji ya bafuni, usiulize, ndo maana umestawi. Nkachemsha mpaka jikoni pakanukia sikukuu. Nkanywa.

Yupo. Tena safari hii hakujificha, kaja mbele kabisa, kakaa kwenye kochi kakunja nne. Na jina nikalipata.

Dagaa.

Nkainuka na kikombe mkononi mpaka kwenye kabati. Mfuniko wa kopo langu una ufa, ufa naujua, nilishaahidi kuufunga na selotepu toka Pasaka. Nisichokijua ni kwamba pembeni ya ufa, wameegemeana na kopo kama abiria wa daladala ya jioni, kuna mfuko wa dagaa wa Mwanza, kilo mbili na ushee, mfuko wenyewe mdomo wazi. Sasa wale Wachina wanalaza chai na asumini usiku mmoja, wakizidisha sana siku chache. Mama watoto kailaza na dagaa miezi minne.

Karudi saa kumi na mbili jioni, mimi nimekaa mezani na vikombe sita mbele yangu kama shahidi wa mahakamani. Nkamwonesha mfuko. Akauliza, kwa hiyo? Nkamweleza jani kavu, ufa, harufu, asumini, kidole kikiwa juu. Akasikiliza mpaka mwisho, kwa kweli alisikiliza, halafu akasema, baba watoto, dagaa nimenunua kwa hela yangu, chai umepewa, sa kati ya hao wawili nani atoke kwenye kabati? Halafu akauliza mbona dumu la maji liko nusu. Halafu luku ikakata.

Basi tukala kwa taa ya simu. Ugali, mchicha kidogo, na dagaa wale wale, kawakaanga na nyanya na vitunguu, kwa hasira kidogo ila wamekaangika. Tonge la kwanza kimya. Tonge la pili mdogo akaacha kutafuna, akanusa vidole.

"Mama, dagaa umewaosha na shampuu?"

Mama watoto akaonja. Akaonja tena. Akachukua simu akawamulika kwenye bakuli, kisha akanimulika mimi usoni.

"Umewafanya nini dagaa wangu?"

"Bergamoti hiyo," nkamwambia. "Asumini ipo pia, ila imekaa kwa mbali."

Hakunijibu. Nkavuta bakuli upande wangu nkaongeza pilipili.