Ami kauliza mamlaka kamili yananunua kilo shilingi ngapi

Juzi nilikuwa Mtambwe, Pemba, kwa ami yangu, msimu wa karafuu, uwani majamvi yamejaa mpaka mtu unapita kwa kuchupa chupa, na yeye kakaa kitako pembeni na polo lake anakonyoa zilizochumwa asubuhi. Redio inaongea, bwana mmoja wa ACT-Wazalendo anaelezea mamlaka kamili ya Zanzibar, anaeleza vizuri tu. Ami akanyanyua uso akaniuliza, "wewe ndo msomi, hebu nambie, hayo mamlaka kamili yatanunua kilo shilingi ngapi?" Nilicheka lakini suali lenyewe nilikwenda nalo mpaka kwenye boti, na nimefika Unguja bado nnalo.

Mana tuseme kweli, mpango wa upinzani wa kuijenga upya Zanzibar si mpya. Tokea vyama vingi virudi 1992 mpango ni ule ule, jina la chama tu ndo limebadilika. Maalim Seif alikuwa nao CUF, 2019 alipohamia ACT akahama nao, alipofariki Februari 2021 Othman Masoud akaurithi na akagombea nao Oktoba 2025, Dk Mwinyi akarudi Ikulu. Ndani yake mna mambo mawili makubwa. La kwanza Zanzibar iwe na kauli yake yenyewe ndani ya Muungano wa sura nyengine. La pili ni uchumi, bandari, biashara, mafuta na gesi, ajira za vijana, ile Zanzibar iwe Singapore ya Afrika aliyokuwa akiisema Maalim. Wenye kuukejeli wanasema ndoto, wenye kuupenda wanauitikia amin kama kunuti. Mie naona lile la kwanza limepikwa likaiva, la pili bado bichi, na watu wanakula la pili.

Tuanze na haki yao. Hii kero hawajaitunga. Mambo ya Muungano yalianza 11 mwaka 1964, leo ni 22. Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, mwishoni mwa 1992, mwaka uliofuata ikatolewa kwa hoja kuwa mambo ya nje si yake. Mpira ndo kichekesho kabisa, Machi 2017 CAF, shirikisho la mpira la Afrika, wakatupokea uanachama kamili, watu wakapiga honi mitaani, Julai mwaka huo huo wakatutoa kwa kuwa nchi moja haiwezi kuwa na vyama viwili, hata miezi mitano haijatimia. Mafuta na gesi tuliachiwa kwa sheria ya 2015, lakini ukifungua Katiba ya Muungano mafuta bado yamo kwenye orodha ya mambo ya Muungano. Na ile akaunti ya fedha ya pamoja ya ibara ya 133, kila ikitajwa kamati ya kero za Muungano na hiyo imo. Kwa hiyo mtu akikwambia upinzani unapiga kelele za bure muulize amesoma nini.

Sasa tatizo linakuja hapa, na hapa sisikii mtu akipasema jukwaani. Kulitoa jambo moja kwenye ile orodha kunataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande peke yake. Ina maana hata ACT wakichukua majimbo yote kuanzia Konde mpaka Makunduchi, hakuna kitu mpaka wabunge wa Bara nao wakubali. Othman Masoud mwenyewe hili analijua kuliko mimi na wewe, 2014 alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Zanzibar, akasimama Bunge la Katiba Dodoma akapiga kura ya hapana kwa baadhi ya ibara, akarudi hana kazi. Kilichompata ungetegemea ndo kitangulie kwenye mpango wake, yaani akaeleza tukishinda tutakwenda Dodoma na nini mkononi, tutaanza na lipi, wakikataa tutafanyaje. Badala yake tunaambiwa mamlaka kamili kama vile yamewekwa kabatini Ikulu, ukiingia unayachukua.

CCM nao wana hoja yao ambayo wapinzani wanaipuuza. Wanasema mamlaka gani hayo wakati umeme wenyewe unakuja kwa waya wa baharini kutoka Bara? Wa Unguja hawajasahau, Desemba 2009 mpaka Machi 2010 miezi mitatu kiza, nyama zinaoza, hoteli zinaunguruma majenereta. Sisi Pemba tulikuwa kwenye majenereta miaka na miaka mpaka 2010 ulipofika waya kutoka Tanga. Ni hoja, siikatai, ila naiona pungufu, mana kununua kitu kwa jirani hakukufanyi mtumwa wake, hiyo Singapore yenyewe inanunua maji Malaysia mpaka leo. Ingawa (na hili wanaoipenda Singapore hawalimalizii) Singapore ilitoka kwenye shirikisho na Malaysia 1965, sasa ukitoa mfano huo useme wazi unachukua bandari tu au na hiyo talaka. Chama kinasema hakitaki talaka. Basi watafute mfano mwengine.

Turudi kwenye karafuu za ami. 2011, serikali ya umoja wa kitaifa, ile ya CCM na CUF pamoja, haina hata mwaka, bei ya karafuu ikapandishwa kwa kishindo na ikawekwa sera kuwa mkulima apate asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Kabla ya hapo watu walikuwa wanavusha usiku kwenda Shimoni, Kenya, askari wakikukamata na polo umekwisha, baada ya hapo magendo yakapungua yenyewe bila ya bunduki. Sasa nani alifanya? CCM wanasema Rais Shein, na kweli ndo alokuwa Rais. CUF wanasema wizara ya biashara ilikuwa ya kwao, Nassor Mazrui ndo waziri, na hilo nalo kweli. Mie siwagombanishi. Nnachokiona ni kuwa ule mwaka mpinzani alipewa wizara na kikafanyika kitu ambacho ami bado anakihadithia, na hakuna aliyekwenda Dodoma kuomba ruhusa.

Mtu atasema mbona unawabana wasiokaa Ikulu hata siku moja? Kweli. 1995 kura za urais walitangaziwa asilimia 49.8 kwa 50.2 za CCM. 2015 Jecha, mwenyekiti wa tume ya uchaguzi, akafuta uchaguzi mzima tarehe 28 Oktoba matokeo yanaendelea kutangazwa, ukarudiwa Machi 2016 wao wakasusia, Dk Shein akapata asilimia 91. Januari 2001 watu waliuliwa kule Pemba kwa maandamano, wengine wakakimbilia Kenya. Chama kilichopita huko utakielewa kikiwa hodari wa kuzungumza haki kuliko bei ya mbolea. Lakini wapiga kura wengi wa saa hizi 1995 hawakuwa hata wamezaliwa, na wanaona skuli za ghorofa za Mwinyi zimesimama mbele ya macho yao. Ukiwaambia zimejengwa kwa mikopo wanakuuliza wewe ungejenga kwa nini.

Kwa hiyo mie ningewashauri wageuze kitabu, mwisho kuwe mwanzo. Shirika la serikali, ZSTC, ndo mnunuzi pekee wa karafuu, je litabaki peke yake au mkulima ataruhusiwa kumuuzia mwengine? Akija mwengine na bei ya dunia ikaanguka, nani atamkinga mkulima? Mikarafuu ya wazee inakufa kwa umri, miche itatoka wapi na nani ataingoja miaka mpaka izae? Haya yote wanaweza kuyajibu wakiwa hapa hapa. Karafuu haikuwamo kwenye yale mambo 11, na haimo kwenye haya 22.